Padi Hupimwa kwa Analogi Inavyorudi

Nimechoka kusikia padi ikisifiwa kwa sababu inawaka taa. Juzi kijana mmoja wa banda la gemu kanionyesha padi ya rangi tatu yenye mshiko laini, eti ni kali kuliko orijino. Ulaini ule ni mpira uliopakwa juu ya plastiki, na kwa joto la Dar es Salaam mpira wa namna hiyo huishia kunata mikononi. Padi ya kweli ni plastiki tupu yenye chembechembe. Hilo halina mjadala.

Uzito nao huwaponza wengi. Kariakoo nimemwona fundi akifungua padi feki, akakuta kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi pale palipotakiwa kukaa mota ya mtetemo. Mwenyewe aliinunua kwa sababu aliiona nzito.

Padi hufia kwenye analogi, kile kijiti cha kidole gumba, na hapo ndipo mnunuzi asipopaangalia. Yeye huizungusha mara mbili tatu, akaiachia ghafla, ikaruka katikati, akatoa pesa. Ukiiachia ghafla, hata springi iliyochoka itajitutumua. Chomeka padi kwenye kompyuta, fungua ukurasa wa kupimia padi mtandaoni, sukuma analogi mpaka mwisho, kisha irudishe polepole kidole kikiwa bado juu yake, mpaka usihisi tena msukumo wowote. Fanya hivyo kutoka juu, chini, kushoto na kulia, ukitazama namba. Nzima hutulia karibu na sifuri, popote ilikotoka. Iliyochoka ikitoka kushoto hubaki kushoto kidogo, ikitoka juu hubaki juu. Kwenye gemu bado huoni kitu. Subiri, beki wako ataanza kutembea mwenyewe lango likiwa wazi.

Ndani ya analogi ya kawaida kuna ulimi mdogo wa chuma unaosugua mstari wa kaboni, na kila msuguano unaula. Watengenezaji wanalijua hilo siku nyingi. Sega waliweka sumaku kwenye padi ya Dreamcast mwaka 1998; sumaku na sensa yake hazigusani, kwa hiyo hakuna cha kusuguana. Hata hivyo DualSense ya Sony, padi ya PS5 ya mwaka 2020, ilikuja na kaboni, tena analogi imelehemiwa kwenye bodi kwa miguu 14. Mwaka 2023 Sony wakatoa DualSense Edge, ambayo analogi yake unaichomoa mwenyewe na kuweka nyingine. Bei yake Marekani ilikuwa dola 199.99, na kaboni ni ile ile. Kumbe kuchomoka kunawezekana! Anayelehemu kwenye bodi kitu anachojua kitalika ameshakuamulia kwamba utanunua kingine.

Matapeli wa mtaani wanapita humo humo. Wanapuliza dawa ya kusafishia ndani ya analogi, padi inapona siku chache, wanaiuza. Fundi ninayemwamini hung'oa miguu yote 14 bila kubandua shaba ya bodi, na hakukabidhi padi mpaka aichezee mechi nzima mbele yako.

Mausi ya kompyuta nayo huchoka, ila kuipima ni jambo fupi. Shikilia kitufe cha kushoto, buruta faili taratibu kuzunguka skrini. Faili likidondoka njiani, swichi imekwisha. Mibofyo milioni 20 inayotangazwa kwenye boksi ilihesabiwa na mashine ya maabara, haikuhesabiwa kwenye vumbi letu.

Zile DualShock 2 za PS2 zilianguka kwenye sakafu za saruji za mabanda yetu mchana kutwa, waya umefungwa selotepu, na jioni watu bado wanapanga foleni kuzichezea. Sijaona padi ya sasa inayostahimili hivyo.

Kabla hujalipa, omba kuichomeka kwenye kompyuta. Muuzaji akikataa, mwachie padi yake.