Buibui Milioni kwa Shali Moja

Ukitazama vipimo tu, hutashtuka. Kitambaa kilichoonyeshwa mwaka 2009 katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, New York, kina urefu wa mita 3.4 hivi na upana wa mita 1.2. Ni shali. Rangi yake ya dhahabu haikutiwa. Hariri ya buibui waliotumika, wa Madagaska, hutoka hivyo hivyo mwilini. Mambo yako kwenye hesabu: buibui zaidi ya milioni moja, wote majike, na miaka minne ya kazi.

Walioongoza kazi hiyo, Simon Peers, Mwingereza anayeishi Madagaska, na mwenzake Mmarekani, Nicholas Godley, walifufua kifaa cha mkono cha kukamulia hariri, cha mwishoni mwa karne ya 19, enzi za padri Mfaransa Paul Camboué. Kifaa hicho hushika buibui 24 kwa mkupuo, kila mmoja kabanwa kiunoni bila kuumizwa. Uzi hunaswa pale unapotokea, kisha huvutwa taratibu. Nyuzi zote 24 husokotwa kuwa uzi mmoja. Nyuzi nne za namna hiyo zikisokotwa tena, unapatikana uzi wa nyuzi 96.

Kwangu mimi, ujanja wote uko hapo. Uzi wa buibui mmoja ni mwembamba mno, hauwezi kutandwa wala kupitishwa kama mshindio. Ukifika 96, mfumaji anashika kitu ambacho vidole vyake vinakijua. Ndiyo maana mafundi wa nyanda za juu waliweza kufuma nakshi zao za asili za lamba, vazi la kujitanda la Wamalagasi, bila kubuni ufumaji mpya. Ugeni wa malighafi ulimalizwa kabla haujafika kwao.

Tatizo ambalo halikumalizwa ni ulaji. Viwavi wa hariri hukaa pamoja wakitafuna majani ya mforsadi kwa amani. Buibui hawa, ukiwaweka pamoja, wanalana. Hawafugiki. Basi kila asubuhi, msimu wa mvua, watu walitoka na fito ndefu kuwatungua kwenye nguzo za simu pande za Antananarivo, na baada ya kukamuliwa wakarudishwa porini. Buibui wapatao 23,000 hutoa gramu 28 tu. Anayeota kiwanda hapa anajisumbua.

Mwaka 2012 Peers na Godley walionyesha joho katika jumba la makumbusho la V&A, London: buibui milioni 1.2, na juu yake darizi za maua na za buibui wenyewe. Wengi walilisifu kuliko shali. Mimi naona darizi imezidi: buibui wa kudarizi anakuambia kilichotumika, lakini anakuziba usione kilivyosokotwa. Kwenye shali, nakshi na kitambaa vilitoka pamoja kwenye kitanda cha mfumi, na jicho linaweza kuufuata uzi.