Kiswahili cha Majini, Kiswahili cha Bao: Uhakiki wa Michezo ya Video Kutoka Mwambao wa Tanganyika Nchini Burundi

Makala haya yanahakiki michezo michache ya video kwa kuitazama kutoka Rumonge, mji wa samaki na mawese ulio kusini mwa Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika. Mahali hapa pana sababu yake. Kiswahili kilishuka mwambao huu katika karne ya 19 pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji, kikakaa sokoni na misikitini. Baadaye kilirudi tena na familia za wakimbizi wa 1972, ambao wengi wao walirejea Rumonge na Nyanza-Lac wakiwa na watoto waliozaliwa na kusoma Tanzania. Kijana wa hapa aghalabu ana Kirundi nyumbani, Kiswahili mwaloni na Kifaransa darasani. Wahakiki wa nje hupenda kuuliza ni nchi gani zisizo na jina katika utengenezaji wa michezo ya video zimetoa kazi nzuri. Swali hilo likiulizwa Rumonge hudai nyongeza: kazi hiyo inasema na nani?

Hoja yangu ni kwamba uhakiki wa michezo hii umekuwa wa jiografia mno. Unataja bendera ya studio, unapongeza, kisha unanyamaza kuhusu lugha iliyomo ndani ya mchezo. Matokeo yake ni hali ya ajabu. Kiswahili kilichosikika duniani kote kupitia michezo ya video kilitoka Marekani na Japani, ilhali kazi za Kiafrika zinazosifiwa zaidi hazikisemi.

Tuanze na Marekani. Mwaka 2005 mchezo wa Civilization IV ulifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", uliotungwa na Christopher Tin kwa maneno ya Sala ya Bwana. Mwaka 2011 wimbo huo ukawa muziki wa kwanza wa mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Ni wimbo mzuri, sibishi. Lakini mchezaji akishauvuka ukurasa wa kwanza hakuti Kilwa wala Mombasa. Katika toleo hilo la kwanza, dola za Afrika zilikuwa Misri na Mali tu. Kiswahili kimewekwa mlangoni kama udi, na wenye lugha hawamo nyumbani.

Mfano wa Japani ni mzito zaidi, na ndio unaonishughulisha. Resident Evil 5 (2009) ya kampuni ya Capcom inampeleka askari wa Kimarekani katika Kijuju, mahali pa kubuni ambapo hadithi yenyewe inapaweka Afrika Magharibi. Maadui wake wanaitwa Majini, na wanapiga kelele kwa Kiswahili. Mjadala uliozuka wakati ule ulihusu rangi ya ngozi ya wanaopigwa risasi, na ulistahili. Suala la lugha lilipita kimya. Kwa waundaji, kelele zile hazikukusudiwa kueleweka, kwani kazi yake ni kutisha. Sasa mpe mchezo huo msikilizaji wa Rumonge. Yeye anaelewa kinachosemwa, na kwa kuelewa tu anajikuta upande usiofaa wa bunduki. Lugha anayouzia dagaa asubuhi ni lugha ya kinywa kinachouawa jioni. Sijui dhihaka ya kiisimu iliyo kamili kuliko hiyo, hata kama haikukusudiwa.

Je, michezo ya Kiafrika imeliponya jeraha hili? Kazi inayotajwa mara nyingi ni Aurion: Legacy of the Kori-Odan, iliyotolewa Aprili 2016 na Kiro'o Games ya Yaoundé. Mhusika wake, Enzo, mrithi wa kiti cha Zama, anapinduliwa siku ya kutawazwa, naye anatoka na mkewe Erine kutafuta msaada na nguvu za wahenga. Mapigano yake yana utamu wa kweli. Hata hivyo, mchezo una mazungumzo marefu ya kusoma, kwa hiyo lugha ndiyo njia ya kupita, na njia hiyo ni ya Kifaransa au Kiingereza. Jina la studio lenyewe huelezwa kuwa linatokana na "kiroho maono". Mswahili angesema "maono ya kiroho". Kosa ni dogo, tena la mapenzi. Linaonyesha, hata hivyo, kwamba hata Kameruni Kiswahili kinaweza kuchukuliwa kama nembo ya Uafrika bila msemaji wake kuulizwa.

Karibu zaidi na hali ya mwambao wetu ni Salaam ya Lual Mayen, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mchezaji ni mkimbizi anayekimbia, na nguvu zikimwishia hununua maji, chakula au dawa kwa fedha halisi, zikakusudiwa kuwafikia wakimbizi wa kweli. Wazo hili lingeeleweka Nyanza-Lac bila maelezo. Lakini utaratibu wa malipo unafichua aliyelengwa, yaani mwenye fedha mtandaoni aliye mbali na kambi, anayefundishwa huruma. Aliyewahi kukimbia anaonyeshwa, hachezi.

Uganda imetoa pia Matatu ya Kola Studios, mchezo wa karata wa mitaani uliohamishiwa kwenye simu. Hauna hadithi wala madai makubwa. Naupenda kwa sababu unamchukulia mchezaji kuwa tayari anajua.

Hapo ndipo penye somo. Kiswahili hakihitaji kuanza sifuri katika kuzungumzia michezo, kwani bao limekwisha kujenga istilahi kamili, na utafiti wa Alex de Voogt (1995) kuhusu mabingwa wa bao uliionyesha dunia ya wasomi uzito wa mchezo huo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, akazitia moja moja katika hatua ya namua, na zikiisha mkononi mchezo huingia mtaji. Kuna nyumba, kichwa na kimbi. Kuna kutakata pasipo na kete za kula, na kuna kulala pale zamu inapokatika. Igisoro cha Burundi na Rwanda ni ndugu yake, chenye mashimo 32 vilevile. Mtengenezaji wa mchezo wa simu anayetafuta neno la awamu ya kuingiza rasilimali, au la zamu iliyokufa, analo tayari, tena lenye umri mkubwa kuliko kompyuta.

Washauri wa sera wanaosoma kitabu hiki watauliza la kufanya. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007 na Kiswahili kinafundishwa shuleni mwake, lakini mikutano ya ubunifu wa vijana hutoa zawadi kwa teknolojia na kuiacha lugha iwe hiari. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ina mamlaka ya kupendekeza sharti moja rahisi: mchezo unaofadhiliwa kwa fedha za umma wa kanda uwe na maandishi ya Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, kwa kuwa tafsiri ya mwishoni hubanwa ndani ya vitufe vilivyopimwa kwa Kiingereza. Lipo pia swali gumu zaidi, la Kiswahili kipi. Kile sanifu cha vitabuni hakilingani kila mara na kile cha mwaloni Rumonge. Ningeshauri maandishi hayo yajaribiwe kwanza na wachezaji wa mwambao huu, mbele ya mtafiti mwenye daftari, kabla kamati yoyote ya istilahi haijayagusa.