Weusi wa Ndani ya Madigadi

Mteja anayekuja kuchukua gari lake hutazama boneti kwanza, kisha vioo, kisha ringi. Ni wachache wanaoinama. Hata hivyo, pahali panapompa mwoshaji kazi kubwa kuliko pote pako nyuma ya tairi, ndani ya madigadi, ambako kokoto, tope, vumbi la breki na matone ya lami hurushwa kila gurudumu linapozunguka. Hapo pakibaki na ukungu wa vumbi, gari zima huonekana limeoshwa nusunusu. Pakipakwa dawa kupita kiasi, jicho hukimbilia huko na kusahau rangi ya gari. Weusi unaotakiwa ni mkavu, wenye giza la kutosha kuzitanguliza tairi na ringi.

Yuko fundi mmoja mjini Tanga ambaye namheshimu sana kwa kazi hii. Magari anayopokea ni ya aina mbili: ya mjini, yanayoishi na hewa ya chumvi, na yale yanayoshuka kutoka Usambara yakiwa na udongo mwekundu wa Lushoto na Mtae hadi kwenye shokapu. Kabla ya kugusa ndoo huuliza, “Shikamoo mzee. Gari linarudi juu lini?” Jibu ndilo litakaloamua dawa. Gari linalorudi kesho kwenye barabara ya vumbi halipewi dawa ileile ya gari litakalobaki mjini wiki nzima.

Kisha huingiza mkono na kupapasa, kwa sababu ndani ya madigadi si kila mara ni kitu kimoja. Magari mengi madogo yatokayo Japani yana ngao ya plastiki ngumu, na hiyo ndiyo inayofaidi dawa kuliko zote: jua na miaka huipausha ikawa ya kijivu, na dawa huirudishia weusi wake. Mengine yana ngao ya kitambaa kizito kilichoshindiliwa ili kupunguza kelele za barabarani. Hicho fundi wangu hakipaki chochote. Hukiosha, hukipiga brashi, basi. Magari ya kazi mara nyingi ni bati tupu lililopakwa rangi, na huko nta ya bodi hufaa zaidi. Lipo pia bati lililopakwa lami ya kuzuia kutu, na hapo uangalifu huongezeka, kwa kuwa dawa isiyofaa inaweza kuilainisha lami hiyo mpaka itiririke.

Dawa zenyewe, ukiacha majina yaliyoandikwa kwenye chupa, ni za koo mbili. Kuna dawa ya mafuta, ambayo silikoni yake imeyeyushwa katika kimiminika cha jamii ya petroli. Inang'aa mara moja, inastahimili mvua, na inabaki na utelezi. Katika kiangazi utelezi huo hukamata vumbi, na kwa udongo mwekundu matokeo yake ni rojo linalong'ang'ania kuliko tope la kawaida. Kuna dawa ya maji, nyeupe kama maziwa, ambamo chembe ndogo za silikoni zimetawanywa majini. Hii hukauka, huacha weusi usionata, na inaweza kuzimuliwa. Hyper Dressing ya Meguiar's, kwa mfano, huuzwa ikiwa nzito, na mtumiaji anaruhusiwa kuizimua kwa maji hadi mara nne ya kipimo chake. Uhuru huo wa kuzimua ndio unaonifanya niipende dawa ya maji: chupa moja humpa fundi weusi wa viwango kadhaa. Wakati wa masika huiacha nzito kidogo. Vumbi likitawala, huiongezea maji.

Bado wako wanaopulizia dizeli, au dizeli iliyochanganywa na oili chakavu, na kwa saa chache gari hupendeza kweli. Nasema bila kusita kwamba tabia hiyo iachwe. Bushi nyingi za mpira zilizoko huko chini hunywa mafuta ya aina hiyo, huvimba na kulegea, na mwenye gari huja kulipia bushi mpya pasipo kujua chanzo chake. Tena dizeli hiyo huishia kwenye mtaro.

Kuosha hutangulia, na hufanywa kabla ya bodi, maana uchafu wa huku utarukia milango. Usukani huzungushwa hadi mwisho ili tairi la mbele litoe nafasi. La nyuma lina ubishi wake, na gari likihitaji jeki basi huinuliwa. Maji ya presha huanzia juu ya tao na kushuka. Hufuata sabuni, halafu brashi ya mpini mrefu. Ila pahali pa kumpimia fundi ni ule ukingo wa bati uliokunjwa kwa ndani, ambao jicho haliufikii. Tope hujificha pale, hushika unyevu, na kutu huanzia hapohapo, hasa kwa gari la pwani. Fundi wangu huupitishia kidole ukingo mzima, taratibu, kisha hutazama kidole chake. Kikitoka chekundu, anarudia.

Baada ya hapo anasubiri, na wengi hushindwa hapa. Wapo wanaopaka palipo bado na maji, na dawa ya maji kweli inavumilia unyevu kidogo. Lakini tone linaloendelea kushuka kutoka juu huchora mstari kwenye dawa mbichi, na mstari huo hukauka ukionekana. Kwa hiyo anaelekeza upepo wa kompresa kwenye viungo na vichwa vya skrubu, kisha anaendelea na kazi nyingine mpaka plastiki ikauke na ipoe.

Wakati wa kupaka, diski ya breki hufunikwa kwanza kwa kitambaa, na kipande cha boksi hukinga uso wa tairi unaokanyaga barabara. Hapa hakuna mzaha: silikoni kwenye diski au pedi hupunguza mshiko wa breki. Anaitikisa chupa, maana chembe zikituama weusi hautalingana. Hapulizi ovyo ndani ya tao. Hupulizia sponji iliyofungwa kwenye mpini, akaanza juu kabisa, mahali penye kivuli, akashuka kwa mikono mirefu inayopishana. Mara ya kwanza huwa nyembamba. Huiacha ipoteze weupe wake, hutazama pale plastiki ilipokunywa zaidi, na kuongeza hapo tu. Mwisho hupitisha kitambaa kikavu kuondoa ziada, ambayo ikiachwa itarushwa na gurudumu na kuchora madoadoa kwenye mlango uliokwisha kupigwa polishi.

Gari lilelile likirudi baada ya safari ya milimani, hamwagi sabuni mara moja. Hupiga maji matupu kwanza na kuangalia tope linavyoondoka. Likiteleza lote kwa pamoja, dawa bado ipo, naye haongezi nyingine. Anaosha, anakausha, anamtoza mwenye gari bei ya kuosha tu na kumwambia aje tena mvua za vuli zikianza.