Jinsi Creedence walivyoitengeneza sauti ya kinamasi

Mpigie mtu "Born on the Bayou" bila kumwambia ni ya nani, ataapa kwamba waimbaji wamezaliwa Louisiana, kando ya vinamasi. Kumbe Creedence Clearwater Revival walikuwa vijana wa El Cerrito, mji mdogo wa California ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, jirani na Berkeley. Wapenzi wengi wa roki ya mizizi huliita jambo hili kipaji, wakaishia hapo. Kipaji kilikuwepo, sikatai. Ila sauti ile ina ufundi unaoweza kufunguliwa na kutazamwa ndani.

Gitaa la John Fogerty, mwimbaji na mtunzi wa bendi, ndilo linaloingia kwanza, likikaa juu ya kodi moja, E7, na kodi hiyo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya wimbo unaozidi dakika tano. Kukaa pahali pamoja muda wote huo kungechosha. John aliifungulia tremolo ya amplifaya yake ya Kustom, ile inayopandisha na kushusha nguvu ya sauti kwa vipindi vilivyo sawa. Kodi haihami, lakini haitulii. Mtikisiko wenyewe unakuwa mdundo wa ziada kabla drams hazijaanza. Lile joto zito la kinamasi tunaloliona kichwani, kwa sehemu kubwa ni swichi hiyo moja.

"Proud Mary" ina hila nyingine. Nyuzi zote za gitaa zimelegezwa toni moja nzima: vidole vinashika E, sikio linapata D. Uzi uliolegea hutoa sauti nene zaidi, na maumbo ya E yanamruhusu mpigaji aache nyuzi wazi zivume chini ya wimbo. Gitaa la kawaida likishika D halikupi uzito huo. "Bad Moon Rising" nayo imepigwa hivyohivyo.

Nyuma ya John, kazi ilikuwa kujizuia. Msikilizaji aliyezoea dansi letu, ambamo solo, rithimu na besi kila moja lina maneno yake, ataona rithimu ya Tom Fogerty, kaka yake John, ni ya kibahili kupita kiasi. Anashika kodi, anaikwangua, basi. Stu Cook, aliyeanza kama mpiga piano, haichezeshi besi kwa mbwembwe, na Doug Clifford anapiga drams zilizonyooka, bila haraka. San Francisco ya 1968 ilijaa bendi zilizorefusha kila wimbo hadi usingizi. Hawa wanne walikuwa wakipunguza.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Cook, Clifford na John walianza pamoja 1959 wakiwa bado wanafunzi, wakijiita Blue Velvets, na Tom, aliyewazidi umri, akawa mwimbaji wao mkuu. Kampuni ya santuri ya Fantasy ilipowachukua iliwabandika jina la Golliwogs, ambalo hawakulipenda hata kidogo. Katika miaka hiyo kipaza sauti kilihama polepole kutoka kwa Tom kwenda kwa mdogo wake. Albamu ya kwanza kwa jina jipya, Creedence Clearwater Revival, ilitoka 1968, ikiwa na "Suzie Q" ya Dale Hawkins iliyonyooshwa kupita dakika nane. Urefu huo ulikuwa hesabu: John alikuwa akiilenga KMPX, redio ya FM ya San Francisco iliyopenda nyimbo ndefu. Mlango ulipofunguka akageuza mkakati. "Bad Moon Rising" na "Fortunate Son" hazifikii hata dakika mbili na nusu, na santuri ndogo zikaanza kutoka zikiwa na wimbo wa nguvu pande zote mbili.

Mwaka 1969 pekee walitoa albamu tatu. Siri ilikuwa mazoezi. Nyimbo zilinolewa kwanza, kila mtu akijua nafasi yake, kisha ndipo wakaingia studio. Kuanzia albamu ya "Green River" walirekodi katika studio ya Wally Heider, San Francisco, fundi mitambo akiwa Russ Gary: wanne wanapiga ala pamoja, halafu John anabaki peke yake kuongeza sauti na magitaa mengine.

Hapo kwenye "anabaki peke yake" ndipo ufa ulipo. Walipokuwa wakirekodi "Proud Mary" Hollywood, John alikataa uitikiaji wa wenzake, akaimba sehemu zote yeye mwenyewe. Kwa sikio, alikuwa sahihi. Uitikiaji ule umebana kama sauti ya ukoo mmoja kwa sababu ni koo moja. Lakini katika bendi ambayo mtu mmoja anatunga, anaimba, anapanga na kuamua lini drams zinyamaze, wengine hubaki vibarua kwao wenyewe. Tom aliondoka mapema 1971. Katika albamu ya "Mardi Gras" ya 1972 kazi ya kutunga na kuimba iligawanywa kwa watatu waliobaki, na ile sauti ikatoweka hata pale ala zilipokuwa zilezile. Mwaka huohuo bendi ikavunjika.

Jaribio kali zaidi la ufundi huu lilifanyika mahakamani. Fantasy, iliyomiliki haki za wimbo wa Creedence "Run Through the Jungle", ilidai kwamba John ameunakili katika "The Old Man Down the Road", wimbo wake wa miaka ya themanini; yaani amejiiba mwenyewe. Mwaka 1988 alipanda kizimbani San Francisco na gitaa lake, akalionyesha jopo la wananchi wanaoamua kesi namna mkono wake unavyotembea katika kila wimbo. Jopo likamwamini: mtindo ni mmoja, nyimbo ni mbili. Akabaki kudai gharama za mawakili, na dai hilo lilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1994 ilisema mdaiwa aliyeshinda kesi ya hakimiliki apimwe kwa kipimo kilekile cha mdai aliyeshinda.