Heko kwa Mbwa wa Grand Junction

Kila Februari, wapenzi wa mbwa wa kuwinda hukusanyika Grand Junction, Tennessee, nchini Marekani, kwa mashindano ya kitaifa yaliyoanza 1896. Mbwa huachiwa wawili wawili, wakasaka kware kwa saa tatu mfululizo, majaji na watazamaji wakiwafuata juu ya farasi. Saa tatu! Hapo ndipo pumzi na moyo hupimwa. Lakini kinachonivutia zaidi ni pale mbwa anaponasa harufu: huganda ghafla, mkia wima, asitikisike hata kware waruke na bastola ilie. Mlio huo ni wa kumjaribu mbwa tu; hauawi ndege yeyote. Mbwa jike wa aina ya pointa, Mary Montrose, alitwaa ubingwa mara tatu, 1917, 1919 na 1920. Hongera nyingi kwa wakufunzi wanaowafunza mbwa utulivu huo bila kuwazimia hamu ya kuwinda.