Mlango wa Anayeanza: Tahakiki ya Kitabu cha Mtawa Mbudha wa Uganda

Wanafunzi wetu huuhesabu Ubudha kuwa dini ya Asia, mbali nasi. Lakini ng'ambo ya Ziwa Nyanza, karibu na Entebbe, kipo Kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na Bhikkhu Buddharakkhita, Mganda aliyekutana na watawa wa Thailand alipokuwa akisoma India, akapokea utawa California mwaka 2002. Kitabu chake, Planting Dhamma Seeds (2006), chastahili kusomwa na mchungaji, hata aliyeko Ngenge.

Mwandishi hafundishi kwa hoja nzito, bali kwa masimulizi ya maisha yake. Humo twaona kwamba anayeanza hadaiwi kwanza ungamo refu la imani. Hukimbilia kwa Budha, kwa mafundisho yake na kwa jumuiya ya watawa. Kisha hujifunga kwa kanuni tano: kutoua kiumbe, kutotwaa asichopewa, kutozini, kutosema uongo, kutotumia vileo. Katika Buhaya, penye rubisi arusini, kanuni ya tano si nyepesi. Ndugu zetu wa Uamsho wanalijua hilo. Ndipo huketi kimya na kuifuata pumzi yake. Mawazo yakitangatanga, huyarudisha kwa upole, leo na kesho.

Kwa hiyo twakosoa pande mbili. Wako wanaochukua kutafakari kuwa dawa ya uchovu tu, wakiziacha kanuni. Hao wameukata mti na shina lake. Wako pia wahubiri wetu wanaoufunga mjadala kwa neno moja, "sanamu". Budha kwa wafuasi hawa ni mwalimu aonyeshaye njia, wala si mungu muumbaji.

Hapo ndipo tofauti ya kweli ilipo. Mwalimu huonyesha njia, lakini mwendaji hutembea kwa juhudi yake mwenyewe. Sisi twakiri, pamoja na Ungamo la Augsburg (1530), kwamba mwanadamu huhesabiwa haki bure kwa ajili ya Kristo. Mambo haya mawili hayachanganyiki, na mwandishi mwenyewe hatuombi tuyachanganye.

Hata hivyo, kitabu chatuachia swali. Kijana akituuliza, "Jumatatu asubuhi nianzeje?", Mbudha anayo jibu. Sisi twampa maswali na majibu ya kukariri hadi siku ya Kipaimara, kisha twamwacha. Si kwamba Luther hakutupa jibu: katika Katekisimu Ndogo (1529) aliweka sala ya asubuhi na ya jioni kwa kila nyumba, na baada ya ile ya asubuhi mtu aende kazini kwa furaha. Kurasa hizo twazipita upesi kwa sababu hazina mtihani.

Neema haikomeshi mazoezi, huyaondolea hofu. Mchungaji asiyewafundisha vijana wake kuomba na kunyamaza mbele za Mungu asishangae wakitafuta mwalimu ng'ambo ya ziwa.