Mashine ya Kipare

Kwetu Lembeni, huku tambarare chini ya milima, maji hayana kazi moja. Yaliyooshea mchicha yataoshea sufuria, na yaliyooshea sufuria yatanywesha mpapai. Makabila mengine hutucheka kwa hilo, wakisema Mpare hata jasho lake angelikinga kama angepata ndoo. Tumezoea. Siku nilipoelezwa mara ya kwanza jinsi mtambo wa kuvukizia maji meusi ya kiwanda cha karatasi unavyofanya kazi, nilicheka hadi mwalimu akaniuliza kulikoni. Mvuke uleule unafanya kazi mara sita! Nikamwambia, "Mwalimu, hii ni mashine ya Kipare."

Aliyebuni mbinu hiyo alikuwa Norbert Rillieux, mzaliwa wa New Orleans wa mwaka 1806, ambaye mama yake alikuwa Mweusi. Hataza yake ya mwaka 1843 ilihusu sukari: chungu cha kwanza huchemshwa kwa mvuke wa boila, mvuke unaopanda humo huchemsha cha pili, wa pili huchemsha cha tatu. Cha pili hukubali kuchemka kwa mvuke ulioishiwa nguvu kwa sababu hewa imenyonywa ndani yake, na maji yakipunguziwa mgandamizo huchemka kwa joto dogo. Asiyeamini akapike makande kule juu Usangi, kisha ashuke ayapike hapa Lembeni, alinganishe muda. Kiwanda cha sukari cha TPC pale Arusha Chini kinaishi kwa mbinu hiyohiyo.

Katika karatasi kazi ni chafu zaidi. Kule Mgololo, Mufindi, misonobari ya msitu wa Sao Hill huchemshwa kwa magadi makali yenye salfa. Karibu nusu ya mti hubaki kuwa nyuzi za karatasi, na nusu nyingine huyeyuka pamoja na dawa ikawa maji meusi, ambayo yakimwagwa mtoni ni balaa. Yakikolezwa vya kutosha huungua kama kuni, yakatoa mvuke wa kuendeshea kiwanda, na dawa ikabaki chini ya tanuri ikirudishwa kazini. Ila yakitoka kuoshwa kwenye nyuzi huwa mepesi mno. Chukua kilo 100: vitu vikavu vilivyoyeyuka humo ni kama kilo 15 tu. Ili yafike asilimia 65 ya vitu hivyo lazima zibaki kilo 23, yaani maji kilo 77 yaondoke. Kwa boila peke yake, kuni zote za Upare zisingetosha.

Basi unapoitwa kuukagua mtambo wa namna hii, uwe mpya au wa mkono wa pili, usianze na rangi yake wala urefu wa minara. Anza kwa kuuliza hesabu ya Kipare: kilo moja ya mvuke wa boila inaondoa kilo ngapi za maji? Mtambo wa vyungu sita ulio mzima huondoa kama tano. Joto jingine hupotea njiani, jingine huishia kupasha maji yanayoingia. Akikuambia sita kamili, muuzaji huyo hajawahi kuupima. Akikuambia tatu na nusu, muamini, kisha mwombe apunguze bei.

Halafu omba glasi. Naam, glasi ya kawaida, angavu. Kinga maji yanayodondoka kutoka upande wa mvuke wa kila chungu, uyapeleke mwangani. Kuanzia chungu cha pili yatanuka, hilo lisikutishe. Salfa hainyamazi, na aliyewahi kupita karibu na kiwanda cha karatasi anaijua harufu ya yai viza. Kinachohukumu ni rangi. Yakiwa kama chai ya rangi iliyozimuliwa, maji meusi yanapanda pamoja na mvuke. Mara nyingi msonobari wenyewe ndio chanzo, kwa kuwa utomvu wake hugeuka sabuni na sabuni hutoa povu. Mtambo mzuri una tangi la kuengulia sabuni hiyo katikati ya safari, kama mama anavyoengua povu la maharage, na una kichujio cha matone juu ya kila chungu. Maji ya chungu cha kwanza ndiyo ya kuangaliwa kwa jicho kali kuliko yote, maana hayo hurudi kwenye boila. Yakiwa na rangi hata kidogo, kuna mrija uliotoboka, na hapo maongezi ya bei yasimame kwanza.

Lakini kinachotenganisha mtambo bora na mtambo wa maonyesho ni ukoko. Kila anayepika makande anajua: yakishaanza kukauka, chini yanashika, na yakishashika, moto unaunguza ukoko badala ya kuivisha chakula. Maji meusi yakikaribia asilimia 50 huanza kutema chumvi za magadi, zikaganda kwenye mirija. Chokaa iliyotoka kwenye mti nayo huganda, hasa kwenye vyungu vyenye joto kali. Ukoko huu wa aina mbili haufanani kwa tabia. Vaa glavu, banja kipande, kitie kwenye glasi ya maji ya moto. Kikiyeyuka ni chumvi, na mtambo unaweza kujiosha wenyewe kwa maji mepesi bila kusimama sana. Kikikaa vilevile, kigumu kama jiwe, ni chokaa. Hicho hutoka kwa tindikali au kwa maji ya mgandamizo mkubwa, na kila kikitoka huondoka na siku za kazi. Kwa hiyo muulize mwenye mtambo anaosha kila baada ya siku ngapi, halafu muulize fundi wa zamu swali hilohilo, mwenye mtambo akiwa hayupo.

Kuna kiwanda kimoja nilichofanyia kazi ambacho chungu chake kimoja kilitutesa msimu mzima. Kilikuwa cha aina ile ambayo maji meusi humwagwa juu na kuteremka ndani ya mirija kama utando mwembamba, aina ninayoipenda kuliko ile ya zamani ya kupandisha, kwa sababu haihitaji tofauti kubwa ya joto na inavumilia maji mazito. Tuliosha, ukoko ukarudi. Tukabadilisha pampu, ukarudi. Tulipofungua mfuniko tukakuta nusu ya mirija inang'aa na nusu imeziba kwa kitu cheusi kama makaa. Fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta jirani akaja kutazama, akauliza kwa nini sahani ya kugawia maji imekaa upande. Sisi tulikuwa na vipimo vya bei mbaya. Yeye alichukua mpira wake mwembamba wa maji, ule wa kupimia msingi wa nyumba, akaulaza juu ya sahani. Ilikuwa imeinama upana wa kidole. Mirija ya upande wa juu ilikuwa haipati maji, ikawa inakaanga. Tangu hapo sipandi ngazi ya mtambo wowote bila mpira huo mfukoni.

Uzima wa viungo ni rahisi kuupima. Mtambo ukiwa umepoa na kuoshwa, nyonya hewa, funga valvu, tazama mshale wa geji kwa saa moja. Ukirudi nyuma, pitisha ukanda wa karatasi laini kwenye kila flanji. Penye tundu karatasi itavutwa na kung'ang'ania. Usitumie mshumaa kama mafundi wa zamani. Gesi zinazobaki humo zinawaka.

Mwisho wa safari ni boila ya kurejesha dawa, na hapa sina mzaha. Sakafuni mwake kuna dawa iliyoyeyuka, nyekundu, yenye joto la nyuzi zaidi ya 800. Maji meusi yakiingia yakiwa chini ya asilimia 58, maji yaliyomo yanaweza kulipuka yakigusa dawa hiyo, na boila kama hizo zimewahi kuua watu nchi mbalimbali. Hivyo mtambo usio na vipimo viwili vya ukolezi mlangoni mwa boila, kimoja kikimchunga mwenzake na kukata njia penye hitilafu, siukubali hata ukitolewa bure.

Mitambo iliyolala ina hukumu yake. Kiwanda cha karatasi cha Webuye, Kenya, kilisimama mwaka 2009, na hakikupata mnunuzi hadi 2016; kiwanda chochote kikilala hivyo, cha kwanza kuuliza ni kama vyungu vilikaushwa na kuoshwa kabla ya kufungwa. Maji meusi yaliyokolea yakipoa huganda kama lami, na mrija uliojaa lami ya miaka saba hukatwa, hausafishwi.

Kisha naomba daftari la kuoshea. Nikiletewa likiwa jeupe, mwandiko mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, bila alama ya kidole cha grisi hata kimoja, huwa naomba chai kwanza, halafu naomba nionyeshwe lile la zamani.